SOMO LETU: KINOLEWACHO HUPATA



Somo la leo ni juu ya kunoa. Huenda wengine watashangaa kwamba chama kinatumia kurasa zake kwa jambo dogo namna hii. Lakini katika kila karakana ya useremala tuliyoingia tumekuta ubishi juu ya kunoa patasi, randa na misumeno. Huyu anasema jiwe la mafuta, yule anasema jiwe la maji. Huyu anataka mteremko mmoja, yule anataka miwili. Mara nyingine ni mzaha wa saa ya chai. Mara nyingine mafundi wawili wa meza moja hawasalimiani kwa ajili yake.

Wazee wetu husema: kinolewacho hupata. Kisu kinachopata ni kisu kinachokata vizuri. Basi katika somo hili tutaeleza mambo manne. Kwanza, makali ni kitu gani. Pili, mafundi wanabishana juu ya nini, na kwa nini kila upande una haki yake. Tatu, hatari za kunoa. Nne, nani hulipia kunoa. Hilo la nne tunataka mlijadili katika matawi yenu, maana watu wengi hubishana juu ya jiwe, na wachache sana huuliza juu ya muda.

MAKALI NI NINI

Makali ni mahali ambapo pande mbili za chuma zinakutana. Patasi ina upande bapa na upande wa mteremko. Pande hizo zikikutana kabisa, chombo kinapata. Zikiacha hata nafasi ndogo kama unywele katikati yake, chombo ni butu.

Chukua patasi yako uitazame kwenye mwanga wa jua. Ikiwa ni butu, utaona mstari mweupe mwembamba unang'aa kwenye ncha. Mstari huo ndio ubutu wenyewe. Makali ya kweli hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga.

Kwa hiyo kunoa ni kuondoa chuma mpaka mstari ule umalizike. Utajuaje kwamba umemalizika? Ukisugua mteremko vya kutosha, chuma kidogo hujikunja na kutokeza upande wa pili. Papasa upande bapa kwa kidole polepole, ukielekea nje ya ncha. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali, utajikata. Utahisi kitu kinakwaruza. Kikihisiwa kwa upana wote wa patasi, umefika. Kikihisiwa nusu tu, endelea. Kisha geuza patasi, laza upande bapa juu ya jiwe laini, usugue mara chache ili kukiondoa kile kilichojikunja. Mwisho ipitishe kwenye kipande cha ngozi, ukiivuta kwa nyuma.

Jambo jingine ni mikwaruzo. Jiwe la kukwaruza huondoa chuma upesi lakini huacha mifereji. Mifereji ikifika kwenye ncha, makali huwa kama meno madogo na huchana mti badala ya kuukata. Ndiyo sababu tunaanza na jiwe la kukwaruza na kumaliza na jiwe laini. Na ndiyo sababu upande bapa nao lazima usuguliwe mpaka ung'ae karibu na ncha. Fundi anayenoa mteremko peke yake na kuacha kutu upande wa pili amenoa nusu.

Kila njia inayofikisha pande mbili kukutana, zikiwa laini, ni njia ya kunoa. Tuyashike haya kabla ya kuingia katika mabishano.

UBISHI WA KWANZA: JIWE GANI?

Mafundi wengi wa zamani walifundishwa kwa jiwe la mafuta. Jiwe hili ni gumu na haliliki upesi. Mafuta huondoa unga wa chuma usije ukaziba matundu ya jiwe. Mengine huchimbwa ardhini, kama yale ya Arkansas huko Marekani, na mengine hutengenezwa viwandani. Likitunzwa vizuri, mtoto hulirithi kwa baba yake. Kasoro yake ni kwamba hula chuma polepole.

Vijana wengine wamejifunza kwa jiwe la maji, ambalo maseremala wa Japani wamelitumia tangu zamani. Jiwe la maji ni laini. Chembe zake za juu hung'oka na mpya hutokeza, kwa hiyo hula chuma upesi. Lakini jiwe lenyewe nalo huliwa upesi. Linafanya shimo katikati, na lazima lisawazishwe mara kwa mara. Patasi iliyonolewa juu ya jiwe lenye shimo hutoka na ncha ya mviringo kama ukucha.

Wengine hulaza msasa juu ya kipande cha kioo. Njia hii ni nzuri, kwa sababu kioo ni sawa na hakifanyi shimo. Kuanza ni rahisi kwa mtu asiye na fedha. Lakini msasa huisha, na anayenoa kila siku atakuta baadaye kwamba fedha za msasa zimepita bei ya jiwe.

Wapo pia wanaonoa kwenye ngazi ya saruji au kwenye jiwe la mtoni. Kwa panga la kufyekea hilo husaidia. Kwa kisu cha randa huharibu.

Nani ana haki basi? Wote wana haki, kila mmoja kwa mfuko wake na kazi yake. Ila tunaonya mambo mawili. Jiwe lililokwisha kunywa mafuta usilitie maji. Na msitumie mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya gari. Mafuta hayo yana sumu inayodhuru ngozi, na anayeyashika kila siku kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ngozi. Tumia mafuta mepesi yaliyo safi.

UBISHI WA PILI: PEMBE GANI?

Vitabu vingi vya ufundi vya Kiingereza vilifundisha kwamba patasi ichongwe kwenye jiwe la mashine kwa digrii 25, kisha imaliziwe kwenye jiwe la mkono kwa digrii 30. Kijana aliyetoka shule ya ufundi huzishika namba hizi kama amri. Mzee aliyejifunza kwa kutazama humwambia, "Mwanangu, mti hausomi kitabu."

Ukweli ni huu. Pembe ndogo huingia katika mti kwa wepesi, lakini ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Pembe kubwa hudumu, lakini inataka nguvu. Basi tazama unakata mti gani. Msonobari ni laini, na patasi ya digrii 25 huukata kama siagi. Mvule ni habari nyingine. Ndani ya mvule mara nyingi mna mawe madogo meupe kama chokaa, nayo huharibu makali kwa pigo moja. Msaji nao una chembe ngumu kama za mchanga ndani ya nyuzi zake, hata ukiushika unadhani ni mlaini. Fundi aliyekulia katika mivule ya Busoga atapenda pembe kubwa. Fundi aliyekulia katika msonobari wa mashamba ya serikali atapenda pembe ndogo. Wakikutana meza moja watabishana mpaka jioni juu ya jiwe, kumbe wanabishana juu ya mti.

Kazi nayo hubadilisha pembe. Patasi ya kulainishia, isukumwayo kwa mkono, inaweza kushuka hata digrii 20. Patasi ya kutoboa matundu, ipigwayo kwa nyundo ya mbao, inataka digrii 30 na zaidi. Misumeno ni vivyo hivyo. Meno ya msumeno wa kupasua hunolewa kama patasi ndogo ndogo, na meno ya msumeno wa kukatia hunolewa kama visu vidogo. Anayesema kuna njia moja ya kunoa msumeno amefanya kazi ya aina moja tu.

Kwa asiye na kipimo, kuna njia rahisi. Pima unene wa patasi, kisha pima urefu wa mteremko. Mteremko ukiwa mrefu mara mbili ya unene, pembe ni digrii 30. Ukiwa mara mbili na zaidi ya theluthi moja, ni karibu digrii 25. Njia hii haihitaji chombo chochote ila rula.

UBISHI WA TATU: MTEREMKO MMOJA AU MIWILI, MKONO AU KIGURUDUMU?

Wengine hunoa mteremko wote kutoka juu mpaka ncha. Wengine huinua patasi kidogo mwishoni na kufanya mteremko wa pili mdogo sana penye ncha. Wengine hushusha mkono wakati wa kusukuma, na mteremko wao huwa wa mviringo.

Mteremko wa pili huokoa muda, kwa sababu unaondoa chuma kidogo tu. Lakini kila ukinoa unakua, na baada ya siku nyingi lazima urudi kuchonga mteremko wa kwanza. Mteremko mmoja huchukua muda zaidi kila mara, lakini hukaa vizuri juu ya jiwe na mkono hauyumbi. Mteremko wa mviringo hufaa pia, mradi fundi asiinue mkono kupita kiasi na kuharibu pembe ya ncha.

Tena kuna kigurudumu kidogo kinachoshika patasi ili pembe isibadilike. Mafundi wengi huwacheka wanaokitumia, wakisema ni gari la mtoto. Sisi tunasema hivi: mwanafunzi anayetumia kigurudumu hupata makali tangu wiki ya kwanza, na akishajua makali ni nini atajua anatafuta kitu gani siku atakaponoa kwa mkono. Tumeona akina mama walioingizwa katika karakana kwa kazi ya kupiga msasa, wakaazima kigurudumu, na baada ya muda wakaanza kupewa kazi ya patasi. Anayecheka chombo cha kujifunzia anafunga mlango wa ufundi.

UBISHI WA NNE: MASHINE

Wako wanaosema jiwe la umeme limeua ufundi. Wako wanaosema bila mashine ni kupoteza siku. Mashine hufaa kuondoa pengo kubwa na kurudisha umbo. Lakini ina moto. Chuma cha patasi nyingi kimepata ugumu wake kwa kuchomwa na kuzimwa. Kikipata moto tena kwenye mashine, ncha hugeuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Ikifika buluu, ugumu umeondoka mahali hapo, na makali hayatakaa mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Kwa hiyo gusa kidogo, chovya katika maji, gusa tena. Vyombo vya chuma kile kinachotumika kwa visu vya mashine huvumilia moto zaidi, na hapo ndipo ubishi mwingine unapozaliwa, maana kila mtu anasema kwa chuma alichozoea.

Vivyo hivyo patasi zilizofuliwa na wahunzi wetu kwa springi za gari. Nyingine ni ngumu, nyingine ni laini. Ijaribu kwa tupa kwenye kona. Tupa ikila kwa urahisi, chuma ni laini, basi ipe pembe kubwa na uinoe mara nyingi. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu.

UBISHI ULIPOGEUKA HASARA

Sasa tueleze jambo tuliloliona katika kiwanda kimoja cha samani. Mafundi wa pale waligawanyika makundi mawili. Wazee walikuwa na mawe ya mafuta, vijana walikuwa na mawe ya maji. Wazee walilalamika kwamba vijana wanalowesha meza na kuleta kutu. Vijana walilalamika kwamba wazee wanachafua mbao kwa mafuta. Kila kundi likaenda kwa msimamizi kushitaki jingine.

Msimamizi aliwasikiliza wote. Kisha akatoa amri kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kunoa kiwandani. Kila mtu anoe nyumbani kwake, aje na zana kali. Mawe yote ya kiwanda yakafungiwa stoo.

Wiki chache baadaye mafundi wote, wazee kwa vijana, walikuwa wakinoa usiku kwa taa. Waliochoka walikuja na zana butu. Zana butu hutaka nguvu, na nguvu nyingi hufanya patasi iteleze. Kijana mmoja alijikata kiganja cha mkono wa kushoto mpaka kwenye mshipa, akakaa nyumbani. Hapo ndipo makundi mawili yalipokaa pamoja na kamati ya tawi. Hawakukubaliana juu ya jiwe, na mpaka leo hawajakubaliana. Walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba kunoa ni kazi na kazi hufanywa saa za kazi. Walikwenda kwa mwajiri wakiwa na neno hilo moja. Stoo ilifunguliwa. Meza ya kunolea iliwekwa mbali na mbao, upande mmoja mafuta, upande mmoja maji, na kila fundi akapewa dakika 20 kwa siku.

HATARI ZA KUNOA

Kabla ya habari ya malipo, tuseme juu ya usalama.

1. Jiwe la mashine linaweza kupasuka. Kabla ya kulifunga, lining'inize na uligonge polepole kwa mpini wa bisbisi. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti nzito kama ya chungu kilichovunjika, lina ufa, usilitumie.

2. Soma mwendo ulioandikwa kwenye jiwe. Usipungue mwendo wa mashine.

3. Ukiwasha mashine, simama kando na uiache izunguke kwa muda kabla ya kuanza. Usinoe kwa ubavu wa jiwe ikiwa jiwe halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

4. Kizuizi cha kuegemezea chombo kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3. Nafasi kubwa humeza chombo pamoja na kidole.

5. Vaa miwani ya kukinga macho. Usivae glavu wala nguo inayoning'inia, maana jiwe huivuta.

6. Vumbi ni adui. Huko Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, watu walionoa uma kwa mawe makavu ya mchanga walivuta vumbi lake kila siku, na wengi walikufa kwa ugonjwa wa mapafu kabla ya kufika miaka 40. Mawe mengi ya mashine za leo hutengenezwa kwa vitu vingine, lakini vumbi la jiwe na chuma bado halifai kuvutwa. Fungua madirisha, dai chombo cha kufyonza vumbi, vaa barakoa.

7. Ndugu wa mashambani, tupa isiyo na mpini ni hatari. Mkia wake huingia katika kiganja panga likikwama. Weka mpini hata wa gunzi la mahindi au wa kipande cha mti, na usukume tupa huku vidole vikiwa nyuma ya makali.

8. Usijaribu makali kwa kidole gumba wala kwa nywele za mkono. Jaribu kwenye kichwa cha ubao laini. Ikikata na kuacha uso unaong'aa bila kuchana, inapata.

NANI HULIPIA KUNOA?

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme fundi ananoa dakika 20 kwa siku nyumbani kwake. Kwa siku 6 ni dakika 120, yaani saa 2 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 100 kwa mwaka. Gawa kwa siku ya kazi ya saa 8. Jibu ni siku 12 na nusu. Fundi huyo anamfanyia mwajiri kazi ya zaidi ya wiki mbili kila mwaka bila senti moja. Ikiwa karakana ina mafundi 10, ni siku 125. Bado hatujahesabu jiwe, mafuta wala msasa.

Kwa mkata miwa anayelipwa kwa kipande hasara ni ile ile, ingawa imejificha. Panga likiwa butu, anamaliza mistari michache. Akisimama kunoa, mistari hupungua pia. Tupa anainunua yeye. Nyapara hahesabu dakika za kunoa, anahesabu miwa iliyolala chini. Kwa hiyo jambo hili ni la seremala, ni la mkata miwa, na ni la mkata matawi ya chai.

Wengine watasema, "Fundi kuja na zana kali ni desturi ya zamani." Tuitazame hiyo desturi ya zamani. Nchini Uingereza seremala alimiliki zana zake mwenyewe. Chama cha Muungano cha Maseremala kilianzishwa huko mwaka 1860, na Robert Applegarth akawa katibu wake mkuu tangu mwaka 1862. Chama hicho kiliwalipa wanachama waliopoteza zana zao kwa moto au kwa wizi, kwa sababu fundi bila zana ni mtu asiye na kazi. Na katika miji mingi, mwishoni mwa karne ya 19, kanuni za kazi zilizopatana baina ya vyama na waajiri zilisema kwamba seremala anapoachishwa kazi apewe muda wa kunoa zana zake kwa mshahara, au alipwe fedha badala yake. Sababu yake ilikuwa wazi. Zana zilifanywa butu na kazi ya mwajiri huyo, basi mwajiri huyo azirudishe zikiwa kali.

Maseremala wale nao walikuwa na mabishano yao. Kila mmoja alikuwa na jiwe alilolipenda na mwalimu aliyemwapia. Lakini kanuni haikutaja jiwe. Ilitaja muda na malipo, na hapo wote walisimama pamoja.

Siku hizi tuna nguvu nyingine pia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka kwamba muda wa kawaida wa kazi usizidi saa 48 kwa wiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, limesema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na tangu mwaka 1949, Pendekezo namba 85 la Shirika hilo limesema kwamba makato ya mshahara kwa ajili ya zana zinazotolewa na mwajiri yawekewe mipaka, yaruhusiwe pale tu ambapo ni desturi inayotambuliwa ya kazi hiyo, au yamo katika mkataba wa pamoja, au yameruhusiwa na sheria. Pendekezo si sheria ya nchi, lakini mezani ni hoja nzuri. Angalieni neno "desturi". Tukinyamaza tukinoa nyumbani miaka mingi, kesho tutaambiwa hiyo ndiyo desturi yetu.

TUNADAI NINI?

Chama kinashauri kila tawi liweke mambo haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja:

(a) Muda wa kunoa uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe.
(b) Mawe, tupa, mafuta na msasa vinunuliwe na mwajiri. Fundi achague jiwe analolijua.
(c) Wanaolipwa kwa kipande wawekewe muda wa kunoa katika kipimo cha kazi.
(d) Mashine ya kunolea iwe na kinga, miwani na maji, na ikaguliwe.
(e) Zana za fundi mwenyewe zikiibiwa au kuungua zikiwa kiwandani, zilipwe.
(f) Kila mwanafunzi afundishwe kunoa kabla ya kupewa kazi ya haraka.

Hatudai kwamba mafundi wote wanoe kwa njia moja. Mwajiri akitaka kuweka njia moja kwa amri, mkataeni pia. Ubishi wa kweli baina ya mafundi ni shule isiyo na ada. Mtu akikuonyesha njia yake nawe ukimwonyesha yako, kisha mkajaribu zote mbili juu ya ubao mmoja, mnatoka wote mmeongeza kitu. Ubishi mbaya ni ule unaopelekwa kwa msimamizi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika karakana au shamba lenu, mtu mmoja hutumia dakika ngapi kwa siku kunoa? Pimeni kwa saa kwa wiki moja, mwandike.
2. Fanyeni hesabu kama tuliyofanya hapo juu. Ni siku ngapi kwa mwaka kwa tawi zima?
3. Nani hununua mawe na tupa? Kuna mtu aliyewahi kukatwa mshahara kwa zana iliyovunjika?
4. Mti mnaofanyia kazi zaidi ni upi? Pembe gani inadumu? Wanaobishana wajaribu mbele ya wote, ubao mmoja, patasi mbili, na kila mtu atazame.
5. Jiwe la mashine lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yapelekwe kwa katibu wa tawi. Mkienda mezani na hesabu iliyoandikwa, mwajiri hawezi kusema mnalalamika tu.

Umoja ni nguvu.